Muulize Bwana Shamba: Nyanya kichwa chini, miguu juu

Sijui nani kaisambaza ile video ya nyanya zinazoota chini ya ndoo, ila imefika kila mahali. Safari hii karibu barua zote zinauliza hilo hilo, na hata wale waliozoea kuniuliza habari za kuku wamehamia kwenye ndoo. Basi kuku wasubiri. Nimechagua maswali machache yanayobeba mengine, nikayafupisha bila kuyapotosha.

SWALI: Shikamoo Mzee. Ninaishi Ilala, ghorofa ya tatu, ardhi sina hata ya kusimika kijiti. Kwenye simu nimeona watu wanatoboa ndoo kitakoni, wanapitisha mche wa nyanya kwenye tundu, ndoo inatundikwa na nyanya inakua inatazama chini. Mume wangu anasema ni uongo wa mtandaoni, wameifunga kwa uzi wakapiga picha. Nani mkweli? – *Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba mama. Video ni ya kweli, lakini baba watoto naye hajakosea kuwa na shaka. Mnyanya hautazami chini kwa hiari yake. Utundike leo, na siku chache tu zikipita utakuta ncha imejikunja inaelekea juu, na shina limekuwa kama ndoana ya kuvulia samaki. Uache wiki mbili tatu, majani yatakuwa yanaparamia ubavu wa ndoo yakitafuta anga. Baadaye matunda yakishika, uzito wake ndio unaovuta matawi kurudi chini, na picha nyingi mnazoziona zimepigwa wakati huo.

Mmea unajua juu ni wapi hata gizani. Ndani ya seli za shina kuna chembe nzito za wanga zinazotuama upande wa chini. Ukiulaza mmea au ukiupindua, chembe zinahamia upande mpya wa chini, na homoni ya ukuaji iitwayo auksini inarundikana huko huko. Upande wa chini wa shina unarefuka upesi kuliko wa juu, shina linapinda kwenda juu. Mzizi wenyewe unafanya kinyume. Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga mbegu zinazochipua kwenye gurudumu lililozungushwa na maji, akaliacha lizunguke. Mizizi ilielekea nje ya gurudumu, machipukizi yakaelekea katikati. Gurudumu lilikuwa limechukua nafasi ya mvutano wa dunia, na mimea ikalitii.

Sasa kuna jambo video haikuambii. Mtindo huu ulivuma sana Marekani miaka ya 2000, pale mifuko ya kuning'iniza iitwayo Topsy Turvy ilipokuwa ikitangazwa kwenye televisheni. Kule jua halifiki utosini. Hata wakati wa kiangazi linakuja limeinama, linaupiga mmea kwa ubavu chini ya mfuko wake. Sisi tupo karibu na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya ndoo na nyanya iko chini ya ndoo. Umeipandia kivuli wewe mwenyewe. Na kwako wewe mama, juu ya hiyo ndoo kuna zege la balkoni ya jirani wa ghorofa ya nne, kwa hiyo ni kivuli juu ya kivuli. Nyanya inataka jua la moja kwa moja kwa saa sita kwa uchache, nane ndiyo raha yake.

Utakalolitegemea ni jua la pembeni. Balkoni inayotazama mashariki inakupa la asubuhi, ambalo ndilo zuri kuliko yote kwa sababu linakausha umande mapema. Ya magharibi inafaa, ila inachoma. Kama balkoni yako inatazama kaskazini, jua kwamba Dar es Salaam jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, na Juni ndipo linapoinama zaidi upande huo. Ni bahati njema, maana Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kidogo kwa Pwani na nyanya inaipenda. Inayotazama kusini itapata jua lake Desemba, wakati joto la usiku linaangusha maua. Huyo wa kusini namshauri alime mchicha na giligilani, asijisumbue na nyanya.

Kabla hujatoboa ndoo, tundika shati jeupe mahali ulipopakusudia. Siku ya mapumziko liangalie linaanza kupigwa na jua saa ngapi na linaachwa saa ngapi. Likipata chini ya saa sita, mume wako ameshinda.

Na kama una sehemu sakafuni ya kuweka ndoo, iweke sakafuni, panda nyanya wima, simika kijiti, funga. Utavuna zaidi kwa maji machache. Kuning'iniza ni kwa mtu ambaye sakafu ya balkoni imekwisha: mtungi wa gesi pale, pipa la maji pale, jiko la mkaa pale, baiskeli ya mtoto pale. Nafasi aliyobakiwa nayo iko hewani. Kwa huyo ninasema aende, afanye.

SWALI: Mzee, habari za Tanga? Mimi niko Pipeline, Nairobi. Nina mitungi miwili ya mafuta ya kupikia, ile ya lita 20. Nipe maelezo ya kutengeneza, lakini usinitume kununua vitu vya bei. – *Kijana wa Pipeline*

JIBU: Nzuri kijana wangu. Mitungi hiyo inakufaa kuliko ndoo, na nitakuambia kwa nini.

Ioshe kwanza kwa maji ya moto na sabuni hadi utelezi wa mafuta uishe kabisa. Kisha usitoboe tundu lolote chini. Kata kitako chote cha mtungi, ugeuze, mdomo uwe chini. Ule mdomo wa kumiminia mafuta ndio tundu lako. Upana wake unatosha shina la nyanya, na ukingo wake ni wa mviringo, mnene, hauna makali. Mwenye ndoo akikata kwa kisu anabaki na ukingo mkali, na mmea ukijipinda kwenda juu unalalia pale pale kwenye makali. Upepo ukiutikisa mwezi mzima, shina linakatika na mzigo wa matunda mabichi. Mwenye ndoo basi achane mpira wa ndani wa baiskeli, auvishe kuzunguka tundu. Wewe huhitaji.

Chukua mche wenye urefu wa shibiri moja hivi, mnene, usiorefuka kwa kukosa jua. Majani yazungushie gazeti, yawe mrija, uyapitishe kutoka ndani ya mtungi kwenda nje kupitia mdomoni. Wengine wanasukuma mizizi kutoka nje kuingia ndani, wanaivunja. Ukishapitisha, ondoa majani ya chini na uache sehemu ya shina ibaki ndani. Nyanya inatoa mizizi kwenye shina lililofukiwa, na hiyo mizizi ya ziada ndiyo itakayoushika mmea usichomoke. Zungushia shina kipande cha sponji la godoro kilichochanwa upande mmoja, ukibane mdomoni kwa ndani. Kisiwe kimekaza sana, shina litanenepa.

Kuhusu udongo, usijaze udongo mtupu wa shambani. Ukiloa, lita 20 zake zinapita kilo 30, na hiyo ni kabla nyanya hazijazaa. Changanya udongo sehemu moja, samadi iliyooza vizuri sehemu moja, na maganda ya mpunga au kumbi la nazi lililosagwa sehemu moja. Samadi iwe imeshapoa, haina harufu; mbichi inaunguza mizizi. Juu acha nafasi ya vidole vinne isiyo na udongo, maji yapate pa kutuama kabla ya kunywea. Hapo juu ndipo pa kutandaza nyasi kavu. Watu wengine wanapanda rehani au vitunguu vya majani hapo, na inapendeza kweli, lakini kumbuka umeongeza mdomo mwingine kwenye chakula kile kile.

Kutundika ndiko kunakonitia wasiwasi. Mimi ni mtu wa Tanga na katani ni yetu, lakini kamba ya katani inayoloa kila siku inaoza kwa ndani wakati nje bado inaonekana nzima. Ya nailoni inachakazwa na jua. Kamba ya kuanikia nguo hata usiifikirie. Toboa mtungi matundu manne upande wa juu, yatazamane, usiyaweke karibu na mkato maana plastiki itachanika. Pitisha mnyororo mwembamba, au waya wa kufungia nondo uliokunjwa mara mbili na kusokotwa. Ufunge kwenye chuma kilichojengewa ukutani, ujaribu kwanza kwa kutundika mtungi mwingine uliojaa maji siku nzima. Na mtungi uwe ndani ya ukingo wa balkoni. Usithubutu kuutundika nje juu ya watu wanaopita.

Urefu uwe ule unaokuwezesha kumwagilia ukiwa umesimama sakafuni. Mtu anayelazimika kupanda stuli kila asubuhi, wiki ya tatu ameacha.

SWALI: Bwana Shamba, nimetundika ndoo mbili hapa Tudor, Mombasa. Nyanya hazina neno, ila jirani wa chini alikuja juu na shuka yake nyeupe ina michirizi ya rangi ya chai. Nimeomba radhi. Nifanyeje? – *Bi wa Tudor*

JIBU: Pole bibi, na pole mwenye shuka. Maji hayo yana rangi ya samadi, hayatoki kirahisi.

Umekuwa ukimwaga kopo zima kwa mara moja. Udongo uliokauka unajitenga na ubavu wa ndoo, maji yanateremka kwenye ule mwanya na kutoka yote kabla mizizi haijaonja. Mwaga nusu lita, ngoja robo saa, mwaga tena. Au chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano, ijaze, ichomeke kichwa chini kwenye udongo ikidondosha yenyewe taratibu. Mwagilia alfajiri, kabla kamba za nguo hazijajaa.

Kwa matone yatakayobaki, funga ukanda wa kitambaa cha pamba kuzunguka mdomo wa tundu, ncha yake iteremke pembeni hadi ndani ya kopo ulilolitundika kando. Maji yanafuata kitambaa. Hili halimsaidii jirani peke yake. Matone yanayopita kwenye shina na kulowesha majani kila siku yanaleta bakajani: madoa ya kahawia yanayoanza majani ya karibu na tundu na kuenea. Kwa mnyanya ulio wima tunaambiwa tumwagilie chini, majani yasiloe. Kwa huu wa kichwa chini majani ndiyo yapo chini, kwa hiyo lazima uyakwepeshe maji.

Nyanya za kwanza mpelekee jirani, kabla hujaonja wewe.

SWALI: Assalaam alaykum Mzee. Nyanya zangu za kutundika zinazaa lakini kila moja inapata doa jeusi lililobonyea kwenye kitako. Muuza dawa amenipa ya ukungu, nimepiga, haibadiliki. Nimeweka na maganda ya mayai. – *Msomaji, Wete, Pemba*

JIBU: Waalaykum salaam. Acha hiyo dawa, unatupa pesa. Huko ni kuoza kitako, na hakuna mdudu wala ukungu unaokusababishia. Tunda limekosa kalisi, yaani madini ya kalsiamu, kwenye ncha yake wakati linakua. Kalisi inasafiri na maji ndani ya mmea. Majani yanapumua sana, yanayavuta maji kwao kwanza, na kitako cha tunda ndiko mwisho wa safari. Udongo ukikauka siku moja, ukaloa chepechepe siku ya pili, ukakauka tena, mwisho wa safari hapafiki kitu.

Nyanya ya kutundika inapatwa na hili kuliko ya ardhini, kwa kuwa chombo chake kinapigwa na upepo na jua pande zote. Mnyanya mkubwa wenye matunda, kwenye upepo wa bahari, unaweza kunywa lita mbili hadi nne kwa siku. Gawa asubuhi na jioni. Ingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Ukisikia ukavu umeshachelewa. Funika udongo kwa makumbi. Na punguza mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi, inakuza majani yanayokunyang'anya hiyo kalisi.

Maganda ya mayai hayadhuru, ila yanaoza polepole mno kukusaidia msimu huu. Matunda yaliyokwisha kupata doa yachume. Hayaponi, ingawa upande uliobaki mzima unakatwa na kuingia mchuzini bila shaka yoyote.

SWALI: Niko Seeb, Oman, wazazi wangu ni wa Unguja. Nilipanda Aprili, mmea mkubwa, maua tele, yote yamepukutika. – *Binti wa Seeb*

JIBU: Binti yangu, ulipanda wakati wenzio wanang'oa. Nyanya huungua chavua yake joto la mchana likipita nyuzi 35 hivi, na usiku usiposhuka chini ya 24 au 25 ua linaanguka bila kushika tunda. Kwenu Mei hata alfajiri hakupoi. Sia mbegu Septemba ndani ya nyumba, hamishia kwenye ndoo Oktoba, uvune Desemba hadi Machi.

Nitakuambia kitu cha kukufurahisha. Kwenye jambo hili umetuzidi. Kwenu jua la Desemba saa sita mchana linakaa upande wa kusini, limeinama karibu nusu ya njia kutoka utosini. Tundika ndoo upande wa kusini wa nyumba, na jua litaingia chini yake kutwa nzima, kitu ambacho sisi wa Tanga hatukipati. Ndoo iwe nyeupe. Nyeusi inapika mizizi. Maua yakifunguka, yagonge kwa kidole asubuhi ya saa tatu au nne, maana kwenye balkoni iliyojifungia hakuna upepo wa kutikisa chavua.

SWALI: Mbegu gani? Naona za kila jina dukani. – *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Kwa kutundika, nyanya ndogo za cheri kwanza. Tunda jepesi, linaiva upesi, hata tawi likipinda halivunjiki, na kuoza kitako kunazisumbua mara chache. Ukitaka za mchuzi, chukua fupi zinazosimama kukua zenyewe: Cal J, Roma VF, Rio Grande. Tengeru 97 ni nyanya nzuri sana na naiheshimu, lakini ni ndefu, inataka mti wa kuparamia. Money Maker vilevile, na Anna F1 ni ya kwenye kitalu nyumba. Hizo ziache ardhini.

SWALI: Shamba langu Moshi limeliwa na mnyauko misimu miwili. Mmea wa kijani kabisa, jioni umelala. Je, nikihamishia miche yangu 500 kwenye ndoo za kutundika nitapona? Na yule nondo wa nyanya, kantangaze, je? – *Mkulima, Kilimanjaro*

JIBU: Hakikisha kwanza ni mnyauko gani. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha vidole vitatu, kitumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi, usiitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye shina baada ya dakika chache, ni bakteria, na wanakaa kwenye udongo miaka. Usirudishie hapo nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo. Panda mahindi.

Ni kweli ndoo yenye udongo safi inakuepusha na bakteria hao, na minyoo fundo, na sota wanaokata miche usiku. Lakini miche 500 kwa lita mbili tu kila mmoja ni lita 1,000 kwa siku, yaani ndoo 50 za lita 20, nawe unazimwaga moja moja juu ya kichwa chako. Usifanye. Chukua miche 20 ya nyumbani uipande kwenye ndoo, wima, kwa mboga ya familia. Shamba lipe mahindi na maharage.

Kantangaze yeye ana mabawa. Tangu alipoingia Kenya na Tanzania mwaka 2014, akitokea asili yake Amerika Kusini, hajawahi kuuliza kama nyanya imetazama juu au chini. Jani lenye njia nyeupe zilizopekechwa ndani lichume siku hiyo hiyo, litie kwenye ndoo yenye mfuniko, uiache juani hadi vilivyomo viive. Kwa miche 20 chandarua chenye matundu madogo kinatosha, ila uwe umekifunga kabla ya maua, na nyanya uitikise mwenyewe kila asubuhi.